Kabla ya kununua tofali za shimo, pima udongo

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu maji yanayotoka kwenye karo la choo, yaani tenki la kutulizia majitaka, na kama ardhi ya kiwanja itayapokea.

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Najenga nyumba Goba, Dar es Salaam, na tutakuwa watu sita. Fundi amechimba kishimo cha futi mbili, akamwaga ndoo moja ya maji, yakaisha ndani ya dakika tano. Anasema ardhi inanyonya vizuri, kwa hiyo shimo moja la futi kumi litatosha. Je, kipimo hicho kinaaminika?
*Msomaji, Goba*

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Ndoo ya kwanza kwenye udongo mkavu haisemi lolote la maana. Udongo mkavu umejaa nafasi za hewa, na ukavu wenyewe unayavuta maji pande zote. Lakini shimo lako halitafanya kazi kwenye udongo mkavu. Litapokea maji kila siku, mwaka baada ya mwaka, na udongo unaolizunguka utakuwa umelowa muda wote. Kinachotakiwa kupimwa ni kasi ya maji kunywea baada ya udongo kushiba.

Kumbuka pia kwamba karo halipunguzi maji. Tope linazama chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka. Watu sita wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, lita 600 zinaingia na lita 600 zinatoka. Mzigo wote unabebwa na shimo la kunyonya, lile linalopitisha maji ya karo kwenda ardhini, na hilo ndilo mafundi wengi hulikadiria kwa mazoea.

Anza na shimo la kutazama: mita 1 kwa mita 1, lenye kina cha mita 2 au zaidi, karibu na mahali mtakapochimba shimo la kunyonya lakini si palepale. Tazama tabaka za udongo ukutani. Ukiona mabaka ya kijivu yaliyochanganyika na madoa ya rangi ya kutu, ujue maji ya ardhini hufika kimo hicho wakati wa masika, hata kama leo ni pakavu kabisa. Asiingie mtu kwenye shimo lenye kina kinachozidi mita 1.2 ambalo kuta zake hazijashikiliwa kwa mbao, hasa kwenye kichanga. Ukuta wa mchanga huanguka bila dalili. Na lifunikwe kila jioni, maana watoto hawaogopi mashimo.

Kisha chimbeni vishimo vya kupimia, angalau vitatu, vilivyotawanyika kwenye eneo lote. Kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 35, na kianzie kwenye tabaka litakalonyonya maji kweli. Hapa ndipo fundi wako alipokosea zaidi. Futi mbili ni udongo wa juu wenye mizizi na matundu ya wadudu, ambao hunyonya kuliko wa chini. Kama bomba kutoka kwenye karo litaingia kwenye shimo mita 0.8 chini ya uso wa ardhi, na shimo litashuka hadi karibu mita 3, chimba pana na kwa ngazi ili upime kwenye kina cha mita 1.2 na tena kwenye mita 2.

Jembe na sululu hulainisha kuta za kishimo kama mwiko wa mpiga plasta, na mfinyanzi uliolainishwa hivyo hufunga njia za maji. Zikwaruze kuta zote kwa msumari wa inchi sita au ncha ya kisu mpaka udongo uonekane umechanika, kisha toa vumbi lote lililoanguka. Tandaza kokoto ndogo safi, unene wa sentimita 5, ili maji yasichimbue chini na kutibua tope. Vipimo vyote vya kimo cha maji vinaanzia juu ya kokoto hizo. Simamisha rula au kijiti ulichokitia alama, ukifunge kwenye ubao uliolazwa juu ya kishimo ili kisisogee.

Sasa loweka. Jaza maji mpaka sentimita 30 juu ya kokoto, na uendelee kuongeza kila yanaposhuka kwa muda usiopungua saa nne. Acha usiku kucha. Kishimo kimoja kikijaa kinabeba lita 27 juu ya kokoto, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 haikijazi. Kwa vishimo vitatu, kuloweka pamoja na kupima, andaa angalau lita 400 kabla hamjaanza. Kazi nyingi huharibika kwa sababu maji yamekwisha katikati, watu wakaandika namba za kubuni.

Asubuhi jaza tena mpaka sentimita 30. Maji yakishuka mpaka alama ya sentimita 22.5, anza kuhesabu muda. Yakifika sentimita 7.5, simamisha. Yameshuka sentimita 15, yaani inchi 6. Gawanya dakika zote kwa 6, upate dakika kwa kila inchi. Rudia mara tatu kwa kila kishimo. Kama mara ya tatu imechelewa sana kuliko ya kwanza, udongo haujashiba bado. Endelea mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vikaribiane.

Tuseme wastani wako ni dakika 45. Ukigawanya kwa 6 unapata dakika 7.5 kwa inchi. Viwango vinavyotumika sana, vinavyokaribiana na vya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1992, ni hivi: udongo unaochukua dakika 1 hadi 5 kwa inchi upewe lita 50 za majitaka kwa kila mita ya mraba kwa siku, dakika 6 hadi 15, lita 33, dakika 16 hadi 30, lita 24, dakika 31 hadi 60, lita 18. Ikizidi dakika 60 kwa inchi, shimo la kawaida halifai. Ikiwa chini ya dakika 1, napo kuna tatizo, tutalieleza kwenye barua ya Unguja.

Utauliza: mbona maji safi yalishuka kwa kasi kubwa hivyo, halafu tunahesabu lita 33 tu? Kwa sababu majitaka si maji safi. Ndani ya miezi, bakteria na chembe laini hujenga utando mweusi wenye utelezi kwenye ukuta wa shimo, na kuanzia hapo utando ndio unaoamua kasi. Viwango hivyo vimeuhesabu utando tayari. Ndiyo maana shimo dogo hufanya kazi vizuri mwaka wa kwanza na fundi akasifiwa, halafu likaanza kufurika akiwa hapokei simu.

Kwako basi: lita 600 gawanya kwa 33 ni mita za mraba 18.2 za ukuta. Sakafu ya shimo usiihesabu, kwani huzibwa na tope mapema. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 1.5 lina mita za mraba 4.7 za ukuta kwa kila mita ya kina chini ya bomba la kuingilia. Shimo la futi kumi, yaani mita 3, bomba likiingia kwenye mita 0.8, lina mita 2.2 tu zinazofanya kazi. Hiyo ni mita za mraba 10.3, na lita 340 kwa siku. Lita 260 zinazobaki kila siku zitatafuta njia ya kutokea uani kwako.

Mashimo mawili ya kipenyo hicho, kila moja likiwa na mita 2 chini ya bomba, yanakupa mita za mraba 18.8. Yaache mbali, mita 4.5 kutoka kitovu hadi kitovu, la sivyo yatagombania udongo uleule. Tungependelea zaidi mfereji: upana wa sentimita 60, kokoto kina cha mita 1 chini ya bomba la matobo, urefu wa mita 9 na kidogo. Unakaa juu, mbali na maji ya ardhini, na udongo wa juu una hewa inayosafisha majitaka vizuri zaidi. Mita 30 kutoka kwenye kisima chochote, chako au cha jirani, na mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba.

Jambo la mwisho kwako: vishimo vitatu vikikupa dakika 7, 8 na 40 kwa inchi, usitafute wastani. Hiyo dakika 40 ni taarifa kwamba kuna mkanda wa mfinyanzi upande huo. Ongeza vishimo viwili kuuzunguka, kisha hamisha shimo la kunyonya.

SWALI: Hamjambo wahariri. Niko Kitengela, kwenye ule udongo mweusi. Tulipima Januari, maji yakaisha ndani ya dakika chache, tukajenga. Mvua za Aprili zilipofika shimo likajaa mpaka juu na choo kikarudisha maji. Sasa muuzaji mmoja ananiambia niweke baiodaijesta, tenki ambalo bakteria huozesha tope ndani yake, eti haihitaji shimo la kunyonya. Tuko watu watano.
*Msomaji, Kitengela*

JIBU: Pole sana. Udongo wako ni mfinyanzi unaovimba. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Januari maji yenu yalipita kwenye nyufa, hayakunywewa na udongo. Ukilowa huvimba, nyufa zinafunga, na kinachobaki karibu hakipitishi kitu. Kwenye udongo huu hata kuloweka usiku mmoja hakutoshi. Endelea kujaza mpaka nyufa za kuta za kishimo zimefumba kabisa kwa macho, hata ikichukua siku kadhaa, ndipo uanze kupima.

Udongo huu hupewa chini ya lita 10 kwa mita ya mraba kwa siku. Watu watano kwa lita 80 ni lita 400, kwa hiyo unahitaji zaidi ya mita za mraba 40 za ukuta, yaani mfereji unaozidi mita 20. Hata huo hatuupendekezi, kwa kuwa udongo unaovimba na kusinyaa kila msimu hupindisha bomba na kuvuruga mteremko wake.

Kuhusu baiodaijesta: inaweza kupunguza tope, na hilo ni jema. Haipunguzi maji. Lita 400 zikiingia, lita 400 zinatoka upande wa pili, na zinahitaji pa kwenda. Muulize muuzaji swali moja tu: bomba la kutokea linaelekea wapi? Akikujibu "kwenye shimo dogo tu", mrudishe kwenye hesabu ya hapo juu.

Kwanza chimba shimo la kutazama uone tabaka jeusi linaishia wapi. Mahali pengi halina kina kirefu, na chini yake kuna mawe yaliyooza au changarawe. Ukilikuta tabaka la namna hiyo, na maji ya ardhini yako mbali chini yake, lipime lenyewe. Huenda ndilo litakalookoa kiwanja. Ukikuta mwamba mzima, usiupasue kwa kusudi la kupata pa kumwaga. Hapo zimebaki njia mbili: tuta la mchanga wa kuletwa, lenye angalau sentimita 60 za mchanga chini ya kokoto, likiwa pana vya kutosha kusambaza maji, au tenki lisilovuja linalonyonywa na lori. Kwa lita 400 kwa siku, tenki la lita 10,000 linajaa kwa siku 25. Piga hesabu ya gharama ya lori kwa mwaka mzima kabla ya kuchagua.

Wakati huohuo yaondoe maji ya mvua ya paani yasiingie kwenye karo wala kupita karibu na shimo. Kwenye udongo kama wako hilo peke yake hubadilisha mengi.

SWALI: Fundi wangu hapa Kiambu ameufinyanga udongo mwekundu wa kiwanja mkononi, akasema ni mfinyanzi na hautanyonya. Lakini tulipopima kwa kuloweka usiku mzima tulipata dakika 20 kwa inchi. Nimwamini nani?
*Msomaji, Kiambu*

JIBU: Amini kipimo. Fundi hajakosea, ule ni mfinyanzi kweli, lakini udongo mwekundu wa volkano wa nyanda za juu umejikusanya kwenye chembechembe ngumu zenye matundu kati yake, na maji hupita humo. Tumia lita 24 kwa mita ya mraba. Tahadhari yake ni moja: matundu hayo hufa ukiukandamiza. Usiruhusu lori la mchanga kupita juu ya eneo la mfereji, na usichimbe udongo ukiwa umelowa. Kama tonge la udongo wa chini linasokoteka kuwa kamba nyembamba, subirini ukauke.

SWALI: Shikamooni. Kiwanja changu kiko Mikocheni. Septemba fundi alichimba mita 2, pakavu. Aprili tulipochimba kwa ajili ya kipimo, maji yalitokea yenyewe kwenye mita 1.2. Tupime vipi hapo?
*Msomaji, Mikocheni*

JIBU: Marahaba. Hapo hakuna cha kupima kwa ndoo, kwa sababu maji mliyomwaga yatashuka mpaka yalingane na maji ya ardhini, basi. Kipimo chako umeshakipata: mita 1.2, na namba ya Aprili ndiyo ya kufuata. Ile ya Septemba isahau.

Kati ya sehemu ya chini ya kokoto na kimo cha juu kabisa cha maji ya ardhini panatakiwa angalau mita 1.2 za udongo usiojaa maji, kwani vijidudu vinafia humo. Kwako maana yake ni kwamba kokoto zikae juu ya uso wa ardhi, ndani ya tuta la mchanga, na majitaka yapandishwe kwa pampu. Ni gharama, na kiwanja kidogo hakitoshi. Wengi wa eneo kama lenu huishia kwenye tenki lisilovuja. Tunachokusihi usikubali ni lile shimo lisilosakafiwa linaloitwa karo, ambalo kila masika linabadilishana maji na visima vya mtaa mzima.

Ukiweka tenki la plastiki, lifunge. Tenki la lita 3,000 likinyonywa likawa tupu huku maji ya ardhini yamefika juu yake, linasukumwa kwenda juu kwa nguvu ya uzito wa karibu tani 3. Litang'oka, livunje mabomba na kuinua sakafu. Limwagie zege kuzunguka kitako na ulifunge kwa mikanda kwenye zege hiyo, na ulinyonyeshe wakati wa kiangazi. Ikibidi wakati wa mvua, lisikaushwe kabisa, na lirudishiwe maji siku hiyohiyo.

SWALI: Assalaam aleikum. Kwetu kusini Unguja ni maweni matupu. Tumemwaga pipa zima, maji yametoweka papo hapo. Si neema hiyo?
*Msomaji, Unguja*

JIBU: Waaleikum salaam. Si neema, ndugu yetu. Maji yamepita kwenye mianya ya jiwe la matumbawe bila kuchujwa, na mianya hiyo hiyo huenda inaunganika na kisima cha chini yako au inatokea pwani. Unguja inakunywa maji ya ardhini. Kinachoingia maweni leo kinaweza kuchotwa kesho. Hapo mita 30 kutoka kwenye kisima hazikupi uhakika, kwani ndani ya mwanya maji hayachujwi kwa umbali wowote.

Chini ya dakika 1 kwa inchi, ardhi inahitaji kupunguzwa kasi. Chimba mfereji wenye kina na upana wa ziada, ziba mianya mikubwa unayoiona kwa mawe madogo na kifusi, kisha weka chini na pembeni mchanga wenye chembe za wastani, unene wa sentimita 60, kabla ya kokoto na bomba. Mchanga wa ufukweni usitumie. Una chumvi, na kuuchota kunaila pwani yenyewe. Ukishautandaza, loweka na upime tena ndani ya mchanga huo.

SWALI: Shimo letu Morogoro limefanya kazi miaka minane, sasa linafurika hata kiangazi. Tupime udongo upya? Na ile hamira au chumvi inayosemwa, inasaidia?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kwanza fungua karo. Ukikuta tope na ganda la juu kwa pamoja vimefika theluthi ya kina chake, yaliyozidi yamekuwa yakienda shimoni. Tazama pia kama bomba la kutokea lina kichwa cha T kinachoshuka chini ya ganda. Kikiwa hakipo au kimekatika, mafuta yote yameishia kwenye ukuta wa shimo. Chunguza na choo: tenki la kusukumia linalovuja usiku kucha linaweza kuongeza mamia ya lita kwa siku bila mtu kuona.

Hamira na chumvi haviondoi utando. Nyonyesha karo, rekebisha T, chimba shimo la pili baada ya kupima udongo kwa utaratibu tuliouandikia Goba, na weka chemba ya kugawa maji kati ya mashimo mawili. La zamani likipumzishwa miezi 6 hadi 12 bila kuingiziwa tone, hewa itaingia na utando utaoza wenyewe. Baada ya hapo mnaweza kuyabadilisha kwa zamu, mwaka huu hili, mwaka ujao lile.